Koti la Esau

Jumapili, Machi 2

Mvua ya kwanza imenyesha katikati ya ibada, ikapiga bati kwa kishindo hata Mchungaji akaacha mahubiri na kutuimbisha. Nimerudi nyumbani juma lililopita nikiwa na shahada ya falsafa na dini, masanduku ya vitabu yaliyomchosha mbeba mizigo, na nia ya kuandika humu maoni yangu juu ya hali ya fikra katika kanisa letu. Naanza na Mama.

Mama ni fundi cherehani. Tangu nikiwa mdogo amefundisha Shule ya Jumapili kwa mtindo alioubuni mwenyewe: ubao uliovikwa blanketi kuukuu la kijivu, na juu yake watu wa Biblia aliowakata katika mabaki ya nguo. Hatumii gundi wala pini. Kitambaa hushika kitambaa. Kila mtu ana asili yake. Goliathi alikuwa pazia la ofisi ya posta. Malaika walikuwa shela la bibi harusi aliyeghairi dakika za mwisho. Wazee wa imani, yaani Ibrahimu, Sara, Isaka na wenzao, Mama aliwakata katika magauni yake mwenyewe. Esau ni suruali ya kazi ya kaka yangu. Yakobo ni shati langu la shule.

Nililipinga jambo hilo tangu utotoni. "Kwa nini mimi niwe yule mwongo?"

"Kwa sababu wewe ndiye mwenye maneno, Profesa," Mama alinijibu, pini zikiwa mdomoni. "Kaka yako ana mikono."

Jina hilo likanikaa. Kaka yangu, aliyekuwa mwezekaji wa mapaa, aliitwa Fundi na kila mtu, hata na mama yake.

Leo somo lilikuwa safina. Mama alipanga tembo, kondoo na njiwa, kisha akamsimamisha Goliathi mlangoni mwa safina. Watoto walicheka hadi wakashika mbavu.

"Mama," nikasema kutoka nyuma, "Goliathi alizaliwa karne nyingi baada ya gharika."

"Basi ana bahati," akasema. "Hakulowa."

Tukacheka tena, mimi nikiwamo. Lakini nilimwona akimtazama Goliathi kama mtu anayetafuta funguo ambazo anazo mkononi.

Jumatatu, Machi 3

Paa linavuja chumbani kwa Mama, juu ya kitanda. Tumekisogeza na kuweka beseni.

Alhamisi, Machi 6

Mama mdogo, ambaye ni mdogo wake Mama na anaishi nasi, amenieleza lile alilokuwa akilikwepa kila nilipopiga simu. Daktari ameuita ugonjwa wa kusahau. Hauna njia ya kurudi; una njia ya kwenda tu.

Sikutaka kuamini. Asubuhi Mama aliketi vizuri mezani, akanimiminia chai, akanidhihaki kwa ndevu zangu. Kisha akasikia tone likianguka kwenye beseni.

"Profesa, hebu mwite kaka yako aje azibe. Au anataka mama yake aogelee kitandani?"

Fundi alifariki mwaka juzi. Aliteleza kwenye bati lililolowa, juu ya ghala la watu, akaanguka. Nilimjibu Mama kwa upole na kwa ukamilifu, kwa kuwa naamini kila mwanadamu ana haki ya kuujua ukweli wa maisha yake mwenyewe.

Kikombe kilimponyoka. "Lini?" akauliza. "Mbona hamkuniambia?" Kisha akalia kama mtu anayesikia habari hiyo kwa mara ya kwanza, kwani kwake ndivyo ilivyokuwa.

Mama mdogo alinivuta hadi jikoni.

"Umefanya nini wewe?"

"Nimemwambia ukweli."

"Ukweli anao. Alikuwa pale, akatupa udongo kwa mkono wake. Sasa unamrudisha makaburini kwa faida ya nani?"

"Mama mdogo, uongo hata ukivikwa huruma unabaki kuwa uongo. Upendo usiosimama juu ya ukweli haustahili..."

"Haya," akanikata kauli, "kalihubirie beseni. Lina nafasi ya kusikiliza."

Ijumaa, Machi 7

Mvua. Beseni limejaa kabla ya adhuhuri.

Jumamosi, Machi 15

Mwezekaji mmoja wa mtaani aliahidi kuja kutazama paa. Hakutokea. Mama ameuliza tena. Nimemwambia tena. Amelia tena.

Jumapili, Machi 16

Somo: Isaka na wanawe. Mama alilifundisha bila kukosea hata kidogo, nikajipa moyo. Alimlaza Isaka kitandani, akamvika Yakobo pande la ngozi ya mbuzi ili baba yake amdhanie Esau mwenye nywele na kumpa baraka ya mkubwa, akaigiza sauti ya mzee asiyeona akiuliza mara mbili kama kweli huyu ni mwanawe mkubwa. Watoto wakampigia Yakobo kelele: "Mwongo! Mwongo!" Mama alinitazama na kunikonyeza.

Baada ya ibada nilijadiliana na Mchungaji barazani wakati tunasubiri mvua ipungue.

"Baraka iliyopatikana kwa hila si baraka," nikamwambia. "Ni hati ya kughushi. Mahakama yoyote ingeifuta."

"Isaka hakuifuta."

"Isaka alikuwa mzee mkaidi."

"Alitetemeka sana alipojua. Mkaidi hatetemeki, kijana wangu." Alikung'uta mwavuli wake. "Umesoma kuliko sisi sote hapa, nami nakuuliza bila kejeli. Yakobo alijisikiaje alipotoka chumbani mle?"

"Andiko halisemi."

"Ndiyo maana nimekuuliza wewe."

Nilimweleza kwamba hisia za Yakobo si swali la kitaaluma. Akafungua mwavuli, akashuka barazani. Nadhani nilimshinda.

Jumatano, Machi 19

Leo Mama aliuliza kwa furaha, kwani alikuwa amemwandalia Fundi kiti. Nilipofungua mdomo, Mama mdogo aliweka sufuria chini.

"Msomi, utamzika kaka yako mara ngapi?"

Nilikuwa na jibu zuri. Nililitoa lote. Mama alilia hadi akasinzia kitini, kile alichomwandalia Fundi.

Alhamisi, Machi 20

Mvua. Beseni.

Jumanne, Machi 25

Ameniita Profesa! Alikuwa akitafuta miwani yake, nami nikaitoa kwenye nywele zake. "Ndiyo faida ya kusomesha mtoto, Profesa," akasema. Naandika haya nikitabasamu kama mjinga.

Jumapili, Machi 30

Ni lazima niandike jambo hili sawasawa, kwa utaratibu wake.

Somo lilikuwa kufufuliwa kwa Lazaro. Mama alibandika kaburi, ambalo ni duara la kitambaa cheusi, akabandika Martha na Mariamu, akambandika Bwana nje ya mlango wa kaburi. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa mtu wa nguo, akamlaza ndani ya ule weusi. Nilimtambua kutoka nyuma ya chumba. Kahawia iliyopauka, mshono mara mbili. Alikuwa Esau.

Watoto wakubwa walianza kunong'ona. Mmoja akasema, "Mwalimu, huyo si Lazaro."

Nilisimama. Naandika hili kwa sababu ni kweli: nilisimama ili nimsahihishe.

Mama hakumsikia mtoto wala hakuniona. Alisimulia jinsi dada wawili walivyongoja, jinsi mgeni wao alivyochelewa, jinsi alivyolia. Akakaribia ubao hadi pumzi yake ikatikisa vitambaa, akaita:

"Fundi! Njoo nje!"

Tukangoja wote. Mvua ilikuwa imekatika.

"Fundi, toka huko, baba. Umekaa sana."

Ndipo watoto, wakidhani hiyo ndiyo sehemu yao katika hadithi, wakaitikia kwa sauti moja, wakubwa kwa wadogo, wakigonga madawati: "Fundi! Njoo nje! Fundi! Njoo nje!"

Mama akageuka akawatazama kwa shukrani ambayo sijawahi kuiona usoni mwa mtu. Akambandua Esau, akambusu, akamtia kifuani ndani ya gauni. "Mmeona?" akawaambia. "Ukiita vizuri, anasikia."

Nilikaa chini. Nimesoma fafanuzi nyingi juu ya sura hiyo, na nyingine nimezipinga kwa maandishi. Hakuna hata moja iliyowahi kunijulisha kwamba Martha alipomlaumu Bwana kwa kuchelewa, alikuwa mwanamke fulani mwenye sauti fulani, na kwamba sauti hiyo inaweza kuwa ya mama wa mtu.

Jumatano, Aprili 2

Mchungaji amekuja. Alizungumza na Mama kuhusu vitambaa na bei za uzi, akanywa chai, na alipoaga akaniomba nilichukue darasa. Nimekubali kwa shingo upande. Mama hajaulizia ubao. Esau bado yumo kifuani mwake.

Jumamosi, Aprili 5

"Karibu, baba," Mama ameniambia nilipompelekea uji. "Wewe ni mtoto wa nani?"

Nilimwambia. Nilimwambia kwa hoja na kwa ushahidi: picha ya mahafali, kovu la mkasi kidoleni mwangu ambalo aliliosha yeye, jina. "Ni mimi, Mama. Profesa." Akanisikiliza kwa adabu anayowapa wateja.

Jumanne, Aprili 8

Mvua usiku na mchana. Beseni halitoshi, tumeongeza ndoo.

Jumamosi, Aprili 12

Asubuhi maji yalifika shuka la Mama. Nikaamua kupanda mwenyewe.

Vifaa vya Fundi vipo stoo kama alivyoviacha: ngazi, nyundo, kopo la lami, na nyuma ya mlango koti lake la kazi, zito, limekakamaa kwa madoa. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kuligawa. Nililivaa kwa sababu moja tu, nalo ni jambo ninalotaka kulisisitiza: nililivaa kwa kuwa mvua ilikuwa inanyesha.

Mama mdogo alishikilia ngazi chini. "Ukianguka," akanipigia kelele, "usiniletee falsafa, nitakuacha hapo hapo!" Kisha, kwa sauti nyingine: "Taratibu, mwanangu. Taratibu, jamani."

Niliona tundu pale msumari ulipolegea. Nilipasha lami jikoni, nikapanda nayo, nikapaka kwa kipande cha gunia, nikaungua viganja, nikapaka tena. Ilikuwa kazi mbovu, Fundi angeicheka hadi jioni. Lakini maji yalikoma.

Nikashuka, nikaingia moja kwa moja chumbani kwa Mama kuondoa beseni. Nilikuwa nimeinama kando ya kitanda nilipohisi mkono wake ukishika ukosi wa koti. Akanivuta karibu. Akanusa: lami, jasho, mvua kwenye nguo nzito.

"Fundi," akasema. "Ni wewe?"

Nilijua nini hufuata ukweli. Nilikuwa nimeona kikombe, nilikuwa nimeona kiti. Nilijua pia chote nilichowahi kukisema dhidi ya Yakobo.

"Ni mimi Fundi, Mama. Nimekuja kuziba paa."

"Umechelewa."

"Nimechelewa, Mama. Nisamehe."

"Hebu." Akaushika mkono wa koti, akaupapasa kuanzia bega hadi kwenye pindo. "Nilijua tu utakuja mvua zikianza. Wanasema mambo mengi hapa. Kuna kijana mmoja huja kuniambia habari mbaya. Mimi namsikiliza tu."

Akaniwekea mikono kichwani, yote miwili. Sijawahi kubarikiwa namna ile, wala kanisani wala popote.

"Popote utakapopanda," akasema, "Mungu awe juu yako usilowe, na awe chini yako akudake. Usianguke, mwanangu. Mikono yako isikose kazi, na kazi isikuue. Ukifika nyumbani kwako, ukute watu. Amina."

"Amina," nikasema, nikiwa nimeficha uso ndani ya shuka lililolowa.

Ningeweza kutoka hapo. Badala yake nikasema kile alichokisema Esau, yule Esau mwenyewe aliporudi mawindoni na kukuta baraka imekwisha kutolewa, ingawa nilitambua baadaye tu ni maneno ya nani.

"Na Profesa, Mama? Huna neno hata moja kwa ajili yake?"

Nilimwona akimtafuta.

"Yule hanihitaji," akasema. "Anajua kila kitu." Kisha akatikisa kichwa, na uso wake ukalainika. "Hapana. Mwambie aje. Yake nimemwekea. Lakini baraka haitumwi na mtu, Fundi. Aje mwenyewe."

Nilitoka. Nililivua koti barazani, nikanawa mikono kwa mafuta ya taa hadi ngozi ikachubuka, nikavaa shati safi, nikapiga hodi.

"Mama, nimekuja. Ni Profesa."

"Karibu, baba," akasema kwa uchangamfu. "Kaa hapo, sasa ni pakavu. Mwanangu ametoka hivi punde. Mmepishana mlangoni."

Mchungaji aliuliza Yakobo alijisikiaje. Sasa naweza kumjibu, na ningetoa shahada yangu ili nisiweze. Alipata kila kitu kilichokuwamo ndani ya mikono ile, na hakuna hata neno moja lililomwangukia yeye.

Jumapili, Aprili 13

Nimeingia bila koti. Akauliza mimi ni mtoto wa nani. Nikamwambia mama yangu ni fundi cherehani, hodari kuliko wote. Akasema nimpelekee salamu.

Jumapili, Aprili 20

Pasaka. Mama hana nguvu za kwenda kanisani. Nililivaa koti akafurahi, akala. Nililivua akaniuliza kama kwetu nako mvua imezidi.

Jumanne, Aprili 29

Anakula tu nikiwa na koti. Kila siku ananibariki, na kila siku anamtuma Fundi amwite Profesa. Naitika, natoka, narudi, napiga hodi.

"Livae tu, usilivue," Mama mdogo ameniambia leo. "Ana furaha. Kwani wewe unapungukiwa na nini?"

"Napungukiwa na mimi."

Nilitarajia utani. Aliifuta mikono yake kwa kanga, akanikumbatia pale jikoni, tukalia wote wawili kama watoto waliopigwa.

Jumatatu, Mei 5

Mama amefariki leo alasiri.

Kuanzia asubuhi hakufumbua macho. Mama mdogo alinipa koti. Nikalitandika juu ya miguu yake, kwa sababu ilikuwa baridi, nikaketi nimevaa shati langu. Nilimshika mkono. Baada ya kitambo kirefu kidole chake kikaanza kupita juu ya kiganja changu, polepole, kama anavyokagua kitambaa dukani.

"Huyu hana sugu," akasema.

"Hana, Mama."

"Mikono ya mtu wa vitabu."

Sikutoa hoja. Sikusema ni mimi. Niliinamisha kichwa, nikakiweka pale mkono wake ungeweza kukifikia, nikangoja. Mkono uliinuka kidogo juu ya shuka. Nikangoja. Niliendelea kungoja hadi Mama mdogo aliponigusa bega.

Alhamisi, Mei 8

Tumemzika. Kabla ya jeneza kufungwa nilimtoa Esau kifuani mwake ili nimrudishe pamoja na wenzake, kisha nikamrudisha palepale. Mvua ilinyesha mchana kutwa. Chumbani mwake halikuingia tone.

Jumapili, Mei 18

Jua. Wanasema mvua zimekwisha.

Nimefundisha darasa. Watoto waliomba Isaka na wanawe, ili wapate kupiga kelele. Nilimlaza Isaka kitandani. Nikamvika Yakobo ngozi. Walipoanza "Mwongo! Mwongo!" sikuwakataza, maana Mama hakuwakataza, lakini sikuweza kuigiza sauti ya mzee, nikasimulia tu.

"Esau yuko wapi?" wakauliza.

"Amekwenda na Mama."

Wakaridhika. Nikaendelea: Yakobo akakimbia, akaoa, akapata watoto na mifugo, akazeeka ugenini. Nilikuwa karibu kufunga ubao msichana mmoja aliponyoosha mkono.

"Hakurudi tena kwa baba yake? Bila ile ngozi?"

Ni swali ambalo sijawahi kulikuta katika kitabu chochote, na jibu lake limo waziwazi, mstari mmoja tu ambao nimeupita mara nyingi nikielekea kwenye hoja zangu.

"Alirudi," nikasema. "Baba yake alikuwa bado hai, mzee sana. Yakobo akamwendea kule alikokaa. Baadaye Isaka akafa, wanawe wote wawili wakamzika."

"Alipomwendea, baba yake alimwambia nini?"

Watoto wote walinitazama. Wanajua kwamba mimi ni mtu wa majibu.

"Haikuandikwa," nikasema.

Nilimvua Yakobo ngozi ya mbuzi. Akabaki na shati tupu la shule, limepauka, lenye doa la wino kwenye bega ambalo halikutoka hata Mama alipolichemsha. Nikambandika kando ya kitanda, karibu kabisa, ubavu wake ukigusa gauni la Isaka, nikaondoa mkono wangu.

Vitambaa vikashikana.